Koti la Lungile Dyani Halichomwi

Ni mwaka mzima sasa, Lungile, tangu tulipokuchukua kituo cha polisi ukiwa umefunikwa shuka. Walisema moyo wako ulisimama wenyewe. Moyo ule tuliishi nao sisi, na uongo wao hatujaumeza mpaka leo.

Nyumbani ulikuwa mpole. Uji wako wa mahindi na maziwa ya mgando uliunywa umesimama, huku ukiusomea ukuta maneno ya mchezo wako wa kuigiza. Siku za kazi ulipaka rangi nyumba za Wazungu. Jumapili uliigiza, peke yako, na koti moja tu. Ukilivaa sawasawa ulikuwa bwana wa Kizungu mwenye makufuli kila mlango na bastola chini ya mto, akimwogopa Mweusi yule yule anayempikia kahawa. Ukiligeuza ndani nje, ulikuwa mpishi.

Ulikuwa ukisema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawa hawajaumwa. Wao ndio wanaouma, na bado wanashtuka."

Hatusahau siku ile katika ukumbi wa kanisa, mtaani kwetu New Brighton. Sajini wa Kizungu alikuja kukuchunguza, akasimama mlangoni. Wewe, ukiwa bwana, ukapaza sauti ya hofu, "Nani yupo mlangoni?" Naye akashika bastola kweli. Shangazi yako Nosisa akamwambia, "Keti, mwanangu. Hakuna anayekuja kukuua. Huyo anakuigiza wewe."

Ukumbi ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Kesho yake mchezo ulipigwa marufuku. Ukaendelea kuucheza, polisi wakakuchukua.

Juma lililopita mkeo Nothobile alivua nguo nyeusi za msiba, na mavazi yako yakagawiwa ndugu kama ilivyo desturi. Kaka yako Zolile hakutaka hata kuligusa koti.

"Shemeji, hili ndilo lililomuua. Tulitie kiberiti yaishe."

"Koti haliui mtu, Zolile. Waliomuua unawajua, nami nawajua."

Binti yako Nomalizo akalichukua, akaligeuza ndani nje, akalivaa. Akainama kwa adabu mbele ya baba yake mkubwa. "Kahawa yako, bwana. Jana ulipata usingizi?"

Ilikuwa sauti yako. Zolile alicheka, kisha akalia, na hakuna aliyetaja tena kiberiti.

Jumamosi tunalifunua jiwe la kaburi lako. Polisi wametupa sharti: hotuba marufuku. Vyema, hatutahutubu. Nomalizo atakuja na koti.

Wengine huwaombea wapendwa wao walale pema. Sisi hatukuambii ulale, Lungile. Maneno yako bado yana kazi.

Tunaokukumbuka: mkeo Nothobile, binti yako Nomalizo, kaka yako Zolile, shangazi yako Nosisa, na ukoo wote wa Dyani.

Hatutakusahau kamwe, na waliokuua hatutawaacha wakusahau.