Kwa Joan wa Kimulot, Aliyejibu "Hakuna" kwa Sababu Yetu

Mwaka mmoja umetimia, Joan, tangu ulipoanguka pale kituo cha kununua majani chai, kalamu ikiwa bado mkononi na foleni ya wakulima ikikutazama. Ulikuwa na miaka ishirini na saba.

Tunakukumbuka kwenye mizani. Ulizamisha mkono hadi chini ya kila gunia, kwa sababu ulijua mtu huweka majani mazuri juu. Hata langu, mimi mama yako, uliligeuza mbele ya watu ukicheka: "Mama, hii ya chini ni ya nani? Rudi uchambue." Nilirudi nikachambua. Wazee walikuita Polisi, na bado walitaka wewe ndiye uwapimie.

Jioni ulipita kwetu na mkate, ukavua gambuti mlangoni, ukauliza kila mtu ameshindaje. Ulisubiri jibu.

Baada ya kumzaa Cherop, wewe na mumeo Kiplimo mlikubaliana mpumzike kabla ya mwingine. Mlienda kliniki pamoja, na Kiplimo ametusimulia. Nesi alikuuliza vizuri: "Kwenu kuna mtu damu imewahi kumganda, kwa mguu ama kwa mapafu? Ama mtu alikufa ghafla akishazaa?" Ukajibu, "Hakuna, sister. Sisi kwetu tuko sawa." Akakupa vidonge vya kupanga uzazi.

Hukudanganya. Sisi ndio tuliodanganya. Shangazi yako Tapsubei, dada ya baba yako, alivimba mguu mmoja baada ya kujifungua, akafa wiki ya pili. Nyanya yako, mama yao, alikufa vivyo hivyo. Ninyi watoto tuliwaambia ni malaria. Na siku ya koito yako, ukoo wa Kiplimo ulipokuja kukuposa na kuuliza kama kwetu kuna ugonjwa, baba yako Jonah alisema hakuna. Mimi nilikuwa hapo hapo, namimina chai. Tuliogopa utakosa mume.

Miezi mitatu baada ya vidonge, mguu ulivimba, ukaniletea mimi. Ulisema ni kusimama sana kwenye mizani. Mguu kama huo nilikuwa nimeshauona, Joan. Niliukanda kwa maji ya chumvi nikakwambia ni uchovu, kwa sababu mdomo wangu ulishazoea. Nikiitazama mikono hii naona kinyaa. Siku ya nne ulikosa pumzi, ukaanguka pale kituoni.

Matangani watu walisema, "Hizi dawa za mpango zinamaliza wasichana wetu." Tukaitikia kwa vichwa. Tulimwacha nesi alaumiwe, yeye aliyeuliza, maana ilikuwa rahisi kuliko kujitaja. Inachukiza, na sisi tuliona ni busara. Baadaye daktari alimpima baba yako na dada yako mdogo Chepyegon, akatueleza kwamba ukoo wetu una damu inayoganda upesi, inayorithiwa, na kwamba vidonge vya aina ile humwongezea hatari mwanamke mwenye damu hiyo. Njia nyingine zipo. Nesi angekupa nyingine kama ungejua la kumwambia.

Mwezi uliopita ilikuwa koito ya Chepyegon. Baba zako wadogo walimvuta Jonah kando. "Nyamaza. Unataka huyu abaki nyumbani?" Kubaki nyumbani! Laiti wewe ungebaki nyumbani. Nilitaka kuwatemea mate, na kabla yao nijitemee mwenyewe.

Wageni walipouliza, Jonah alisimama. "Kwetu kuna ugonjwa wa damu kuganda. Ilichukua mama yangu, ikachukua dada yangu, ikachukua Joan. Huyu pia ako nayo. Mkimchukua, mjue."

Mzee wao alijibu. "Sawa, tumesikia. Hata kwetu kuna kisukari. Leteni mursik."

Akaletewa maziwa hayo ya mgando, akanywa, wakaendelea na mambo ya harusi. Hakuna aliyeondoka. Ni hayo tu, Joan. Maneno yenyewe hayakutosha hata kupoza kikombe cha chai, na sisi tuliona heri kukuzika kuliko kuyasema.

Cherop ana miaka mitatu. Ataambiwa kabla hajauliza.

Wanaokukumbuka ni mumeo Kiplimo, bintiyo Cherop, baba yako Jonah, mdogo wako Chepyegon, na mimi mama yako, Rodah. Tutakukumbuka siku zote, na kila msichana wa ukoo huu atajua ulikufa kwa nini.