Racheti Niliyoishusha Bei Kanisani

Jumatano. Ukungu umekaa juu ya kabichi tangu alfajiri, na mpaka sasa, saa nne, sijauona hata mti wa jirani. Nimewasha jiko la mkaa hapa karakanani nyuma ya nyumba, nimekalia ndoo niliyoipindua, simu mkononi. Sina raha hata kidogo.

Leo ilikuwa siku ya ile makala. Mnaopita hapa bloguni mara kwa mara mnajua niliahidi nini: kulinganisha racheti, ipi inafaa karakana ya nyumbani, inauzwa wapi na kwa shilingi ngapi. Nimeizungukia miezi minne. Mke wangu ananiita Bwana Bei, na jina limeshatoka nje ya nyumba. Sokoni Mlalo naitwa hivyo hata na watu nisiowajua, na siwezi kusema uongo, nilikuwa nalipenda.

Kwa asiyeijua, racheti ni ule mpini wa boksi spana ambao ndani una gurudumu la meno na kiulimi kidogo cha chuma. Ukisukuma, nati inakazika. Ukirudisha, mpini unalia krrr na nati haiguswi. Huna haja ya kuichomoa spana kila mzunguko. Kwa sisi tunaofungua pampu za kumwagilia tukiwa tumelala kwenye tope la mfereji, hiyo ni baraka.

Nimezipima tatu kwa mkono wangu. Majina ya viwanda siyataji, sina hela ya wakili.

Ya kwanza ina mpini mwekundu, elfu kumi na mbili hapa Lushoto mjini. Achana nayo. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi niliikamia nati ya pampu, meno yakateleza, vidole vinne vikachubuka kwenye chuma. Ya pili ina mpini wa mpira mweusi, elfu ishirini na nane kule Mombo, ingawa muuzaji atakuanzia thelathini na tano akiona tu una sweta la milimani. Bodaboda inaimudu vizuri. Nati kubwa iliyoshikwa na kutu usiipe. Ya tatu ni ya Taiwani, elfu hamsini na tano, niliipata Tanga. Meno yake ni madogo na mengi, kwa hiyo inazunguka hata pale penye nafasi ya vidole viwili. Kama hela unayo, chukua hiyo na mambo yaishe.

Na kuna ya nne.

Hapo ndipo nimekwama tangu asubuhi.

Ya nne ni ya Kijerumani, ya zamani, mpini mzima ni chuma kitupu. Niliiona mara moja tu, Tanga, kwa muuza vyuma vya mtumba. Alitaka laki moja na ishirini. Nikamwomba kwa tisini, akacheka, akaifunika na kitambaa chake. Kabla ya hapo nilikuwa nimeizungusha mkononi kwa dakika kumi nzima. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu habari zake mpaka akaniuliza kama nimeoa mwingine.

Sasa nayo ninayo. Iko hapa juu ya meza, na nimeipata kwa elfu saba. Nilivyoipata ndiyo habari yenyewe.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno usharikani kwetu. Kila mtu alileta alichojaliwa: magunia ya viazi, karoti, mapeasi, magimbi, mayai kwenye sufuria, jogoo waliofungwa miguu. Baada ya ibada vikatolewa nje, mnada ukaanza. Kwa aliyekulia penye usharika sihitaji kueleza mnada wa namna hii unavyokwenda. Hakuna anayenunua kwa bei ya sokoni. Kabichi moja inakwenda kwa elfu kumi, aliyeinunua anaitoa tena, inauzwa upya, mara nyingine inaishia kwa mama mchungaji au inarudishwa kwa mwenyewe aliyeileta, na watu wanapiga vigelegele. Ni sadaka ile. Anayeuliza thamani hapo amepotea njia.

Katikati ya vile vyakula, mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akainua kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha bluu. Akasema kimeletwa na Mama Yoeli, ni shukrani yake kwa Mungu kwa sababu jicho lake limefanyiwa upasuaji na sasa anaona. Akakifungua. Ilikuwa aina ile ile niliyoiona Tanga. Chuma kitupu, ya Kijerumani, nzima.

Mama Yoeli ni mjane anayekaa bonde la pili kutoka kwangu. Marehemu mume wake, Mzee Singano, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mbao, miaka ile mbao zilipokuwa mbao. Hicho chuma alikuwa hamwazimi mtu. Mama angeweza kuleta mapeasi kama wengine, mti anao. Aliamua kuleta kitu ambacho marehemu alikipenda kuliko vyote, akasimama mstari wa mbele na kitenge chake kipya, anaangalia kwa macho yake yote mawili.

Mnadi hakujua ananadi kitu gani. Akakigeuza juu chini, akanitafuta kwenye umati, akaniita. Nami kwa kimbelembele changu nilishakuwa nimesogea. Akaniuliza mbele ya usharika mzima:

"Mgosi, wewe ndiye mwenye bei zote. Hii kitu dukani ni shilingi ngapi?"

Nikaichukua. Nikaizungusha. Meno yote yamo, kiulimi kinashika, hata mafuta yake marehemu aliyaacha humo. Nilijua thamani yake kuliko mtu yeyote milima hii yote. Nilichokuwa nacho mfukoni ni elfu nane, na nilijua pia kwamba nikisema kweli, yule bwana wa malori ya kabichi aliyesimama nyuma yangu angetaja laki bila kukohoa.

Tamaa ikanipanda. Sina neno jingine la kuiita.

Nikasema, "Hizi za zamani zilizochoka, elfu tano. Meno yamelika."

Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, ile ninayoitumia hapa kwenu. Tena nikatikisa kichwa kidogo, kama daktari.

Watu wakapoa. Kuna mtu upande wa akina baba akasema chuma chakavu, mwingine akacheka kidogo. Mnadi naye akaona aibu kwa niaba ya mama, akataka kuimaliza haraka. Nikataja elfu saba. Hakuna aliyeongeza, kwani nani ataongeza wakati fundi ameshasema imekwisha? Ikaja mkononi kwangu. Akainuliwa jogoo, vigelegele vikarudi.

Nilimtazama Mama Yoeli mara moja tu. Alikuwa anakikunja kile kitambaa cha bluu, anakikunja tena, kidogo kidogo mpaka kikaenea kiganjani.

Ningekuwa nimesema kweli, najua kabisa kingetokea nini, maana nimeona kikitokea kila mwaka. Bwana wa malori angeinunua, watu wangeshangilia, na kwa jinsi watu wanavyompenda yule mama, racheti ingerudishwa mkononi mwake na sadaka yake ikabaki kanisani. Angeenda nyumbani na vyote viwili. Nilichomnyang'anya ni hicho, achilia mbali chuma.

Mnada ulipokwisha, alinisubiri kwenye geti la kanisa. Nilitaka kupita uchochoro wa nyuma, lakini alishaniona. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilidhani atanisema. Laiti angenisema. Akaniambia:

"Nimeona umeinunua kwa kunihurumia, ili nisiaibike. Mungu akuongezee."

Nikaitikia amina. Ndiyo, niliitikia.

Juzi Jumatatu akaleta beseni la mapeasi. Sikuwepo, alimkabidhi mke wangu na kumweleza jinsi nilivyomsitiri mbele za watu. Mke wangu ameishi na Bwana Bei miaka kumi na minne, amesikia habari za racheti ya Kijerumani mpaka zimemtoka puani, na jioni ile akaiona juu ya meza. Aliosha mapeasi, akayapanga kwenye sahani, akaiweka mbele yangu, akaenda zake jikoni. Watoto wamekula. Mimi nimejaribu moja, nikalirudisha sahanini.

Baadaye alisema neno moja tu. Yeye kwao ni Gare, amelelewa Mkatoliki kabla sijamwoa. Akasema ningekuwa wa kwao ningemnong'oneza padre yakaishia pale, lakini mimi nilisema mbele ya usharika, kwa hiyo nimnong'oneze nani? Nikaendelea kunoa meno ya msumeno ambayo hayakuhitaji kunolewa.

Jana nikajikaza. Nikaifunga racheti kwenye gazeti, nikashuka bondeni, nikapanda upande wa pili. Nilikuwa nimejipanga: nitamrudishia, nitasema nimeona si haki kukaa na kumbukumbu ya marehemu, basi. Angalieni ujanja huo. Nilitaka kurudisha mali na bado nionekane mtu mwema.

Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni, anayasogeza karibu na uso na kuyaangalia moja moja, kama mtu anayefurahia tu kwamba anayaona. Tulisalimiana Kishambaa, akanipa kigoda. Nikaitoa kwenye lile gazeti. Akakataa hata kuigusa. Alichokitoa kwa Mungu hakipokei tena kwa mlango wa nyuma, alisema, na nisirudie kumletea.

Kisha akazamisha mkono ndani ya maharage. Akauliza taratibu, hakuniangalia:

"Hivi baba Yoeli alikuwa ananidanganya? Miaka yote alisema hata Mjerumani mwenyewe hawezi kukubali kuiuza."

Kumbe siku tatu zote hizo alikuwa na hilo tu. Hakuwa anafikiria elfu saba. Alikuwa anajiuliza kama mume wake alijisifu kwa kitu cha hovyo maisha yake yote na yeye akaamini, kisha akakipeleka kwa Mungu mbele za watu. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kuliko utakavyokuwa tena. Hatukuwa na mtu, kuku tu.

Nikamjibu, "Zamani zake ilikuwa nzuri, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Akasema basi, vitu vyote huchoka. Akaendelea na maharage.

Nilipanda kile kilima nikiwa nataka ardhi ipasuke inimeze, na haikupasuka. Uongo wa Jumapili naweza kuusingizia tamaa. Wa jana sikuwa natafuta chochote. Racheti ninayo tayari. Nilidanganya kwa sababu nilishindwa kuvumilia yule mama anijue nilivyo, na nikaona afadhali marehemu aonekane mjinga kuliko mimi nionekane mwizi. Mzee Singano aliwahi kunionyesha jinsi ya kuweka vali za pampu nilipokuwa sijui kitu. Ndivyo nilivyomlipa.

Tangu asubuhi nimeandika na kufuta. Mwanzo nilitaka kuandika ile makala, ya nne niiruke. Halafu nikataka kuiandika na kusema niliipata "kwa bahati nzuri". Nimefika mpaka nikaipiga picha, juu ya gunia safi, mwanga umekaa vizuri. Nimeifuta picha.

Nimewaza Jumapili ijayo. Nimeshamtumia ujumbe mzee wa kanisa kwamba naomba dakika mbili wakati wa matangazo, na hakuuliza za nini, amejibu sawa. Bwana wa malori atakuwepo. Nitataja bei halisi ya racheti kwa sauti ile ile, niiweke mezani inadiwe upya, na jina la Bwana Bei lifie hapo. Lakini nimejiona ninavyojipa siku nne nyingine, na katika hizo siku nne yule mama atalala na kuamka akiamini mumewe alikuwa mropokaji. Usharika unaweza kunisubiri mpaka Jumapili. Yeye sina haki ya kumsubirisha hata mpaka mchana.

Wala haya niliyoandika hayajamfikia. Mama Yoeli hana simu ya kusomea blogu. Ninyi mmeshajua wote na yeye bado, na hiyo nayo ni aibu nyingine.

Mke wangu amepita hapa mlangoni sasa hivi, akaniona natafuta buti. Ameniwekea sweta juu ya meza.

Nashuka. Sitabeba racheti na sitabeba maelezo. Nikifika nitampa shikamoo, nitabaki nimesimama, nami nitamwambia kabla hajanikaribisha kigoda: Mama, baba Yoeli alikwambia kweli. Aliyekudanganya ni mimi.