Amonia ya Somo Wako

Mama,

Mbuzi wako wapo, wote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya kuniuliza hali yangu.

Tangu tukuzike hapa Marambo, nimejifungua. Wa kike, nimempa jina lako, kwa hiyo una somo. Usiku halali. Mimi ndiyo usiseme.

Sasa, walikuja watu wawili na gari, dada mmoja na dereva wake, wakaomba kusimamisha nguzo nyuma ya nyumba, juu yake kikopo cheupe cha kunasa hewa. Wanasema kwenye hewa ya baharini kuna amonia, ile inayowasha pua ukiingia bandani asubuhi. Hawajui kama bahari inaitoa yenyewe au inatoka huku kwetu, kwenye mifugo, mbolea na mashamba yanayochomwa. Vikopo vingine wameweka Kiegei na Nambilanje. Yule dada alisema kila amonia ina kwao, kama Mmwera anavyojulikana akifungua mdomo tu.

Niliitikia, lakini nilimwona anavyolitazama banda lako. Ulikuwa ukisema, "Mtu akija kupima kitu chako, ujue anakitaka." Bahari yenyewe iko mbali, Mama. Mbuzi wetu wameikosea nini?

Waliporudi kubadilisha kikopo, wakasema kile cha kwanza kilipopimwa kilizidi vyote kwa amonia. Nikajua ndiyo hayo. Nikasimama mlangoni mwa banda, mtoto mgongoni, nikawaambia mbuzi hawa ni wa marehemu, hawauzwi wala hawahamishwi.

Dada alikuwa ananusa. Kisha akauliza taratibu, "Mama Zuhura, hizi nepi huwa unaanika hapa?"

Kamba ya nguo nilikuwa nimeifunga kwenye nguzo yao. Na zile za kukojolewa tu nilikuwa naanika hivyo hivyo bila kufua, uchovu huo. Zinapepea chini ya kikopo kabisa.

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe bahari inakojolewa na huyu!" Na mimi nilicheka, kidogo, bado nawaangalia.

Nguzo wameihamishia kwenye mikorosho. Wanasema mbuzi hawana kesi. Sijui. Wakati wa kuondoka dada aliuliza wako wangapi. Nikamwambia hawatulii nikawahesabu.

Pumzika, Mama. Nepi nitafua. Na banda lako sitamfungulia mtu mwenye kipimo, hata akiwa na maneno matamu vipi.

Somo wako ameamka. Amelowa.

Mwanao