Wimbo wa nne wa Mzee Thembo

Ijumaa. Manyunyu tangu alfajiri, nepi hazikauki. Nimechoka mpaka vidole.

Juzi mume wangu alinitilia kwenye kadi ya simu nyimbo za Mzee Thembo. Ni albamu ya maisha yake yote, nyimbo kumi na nane, kuanzia ujana alipowapigia gitaa wachimba shaba hadi sasa, sauti imekwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Wanamuziki wenyewe wanauita muziki wa bluzi. Mimi naona ni majonzi yasiyo na haraka. Mtoto analala nayo, mimi nafua nayo.

Lakini wimbo wa nne hauimbi. Kiti kinalia, mzee anakohoa, halafu kimya mpaka wa tano uanze.

Nikajua tumeibiwa.

Leo nimepeleka nyanya sokoni Bwera, nikapitia kwa Hajati wa duka la simu, ndiye aliyetuuzia. Mtoto mgongoni, hasira mdomoni.

“Wewe iko mutu wa sita kuleta hii maneno,” akasema. “Haiko mubaya, mama. Muzee mwenyewe alitaka hivyo.”

“Alitaka tununue kikohozi chake?”

“Kikohozi ni bure. Kaa.”

Akanisogezea kigoda, akanieleza. Kanda ya wimbo wa nne ilikwenda na maji siku mto ulipoingia nyumbani kwa mzee, na maneno yake ameyasahau. Waliokusanya albamu walitaka wa tano usogee mbele. Mzee akakataa. Akawaambia nyimbo zake ni watoto, na wa tano ni wa tano hata wa nne akiwa amezikwa.

Nilijifanya nafunga vizuri leso ya mtoto.

Sijawahi kuandika hili hapa. Huyu wa mgongoni si wa kwanza. Wa kwanza alikaa siku tisa. Kwetu Wakonzo jina linafuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Masika wangu tulimzika akiwa na jina lake. Sasa mama mkwe anataka huyu abatizwe Masika Jumapili, tuanze kuhesabu upya. Si ubaya. Ananipenda huyo mama, amenikanda kwa maji ya moto mara zote mbili nilipojifungua. Hataki tu kila nikimwita huyu kwa jina la wa pili nikumbuke kulikuwa na wa kwanza.

Na mimi nilikuwa nimekubali. Kwa uchovu. Naona aibu kuandika.

Nimerudi Nyakiyumbu nimelowa, nikamkuta mama mkwe anachambua maharage, nikampokonya ungo kwa heshima, nikapiga magoti.

“Mama, nimebadili neno langu. Huyu ni Biira.”

“Tulishamaliza hayo, mwanangu.”

“Hatukumaliza, mama. Nilinyamaza tu. Masika yuko. Huyu amemfuata.”

Alinitazama mpaka nikataka kuomba msamaha. Sikuomba. Akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akampapasa matako.

“Biira wako amekojoa,” akasema. “Lete nepi, kama iko iliyokauka.”

Nikaleta iliyobaki na unyevu kidogo. Sijui kama ameridhika. Yeye pia alimbeba yule wa kwanza siku zote tisa, na hilo sikuwahi kumuuliza.

Jumapili katekista akiuliza jina la mtoto, nitajibu mwenyewe, na nitajibu kwa sauti.