Magamba Thelathini na Manane, na Cheti Nisichokuwa Nacho

Bi Sabah wa redioni, assalaam aleikum. Nijibu kabla ya Jumamosi, maana furaha niliyo nayo imechanganyika na hofu. Mimi ni Salme, mwalimu wa darasa la pili hapa kisiwani Koyama, na jambo lenyewe lilianza na katoni za baasta, yaani tambi, zilizokuwa zikitupwa na wenye maduka, nikaziomba, nikawaambia watoto tutatengeneza samaki chewa mmoja mkubwa wa kujaza ukuta, kila mtoto na gamba lake, alipake anavyotaka, magamba thelathini na manane, basi rangi tukazitengeneza wenyewe, manjano ya jikoni, masizi ya sufuria, hina, buluu ya kufulia, tukakoroga na uji wa ngano zipate kushika, brashi zetu nyuzi za makumbi ya nazi, na wallahi Bi Sabah darasa lilichemka! Fumo, aliyekuwa akitoroka kila siku kabla ya mapumziko, sasa namkuta mlangoni kabla yangu, na Afnan alimchora babake ndani ya gamba, wenziwe wakacheka, "Huyo si mchu, ni kamba!" yaani si mtu, ni kamba wa baharini, naye akawajibu, "Ni baba, ana hasira," hata mimi nikashindwa kujizuia.

Wiki iliyopita akaja mkaguzi wa shule kutoka Kismayu, Bwana Abdulqadir, akasimama mbele ya chewa wetu, akauliza, "Mwalimu, sanaa hii umeisomea wapi?" Nami, sijui shetani gani alinipanda, nikasema, "Chuoni Mombasa, miaka miwili." Uongo mtupu. Mombasa nilikaa miaka sita kwa shangazi yangu tulipokimbia vita, nikipaka maharusi hina na piko, chuo sikukanyaga. Jana kapiga simu: Jumamosi hii niende Kismayu nikawafundishe walimu thelathini, na cheti nije nacho. Nikaruka kwa furaha, nikaketi, nikalia. Rawda, mwalimu mwenzangu, ananiambia, "Kismayu yuko mchu huchapisha vyeti, utakipata kabla ya adhuhuri, nani atajua?" Mume wangu hana habari, anawatangazia majirani kwamba mkewe ameitwa na serikali. Nikisema kweli nitaaibika na pengine watoto watanyang'anywa somo lao, nikinyamaza nitasimama mbele ya walimu na karatasi ya uongo mkononi. Nifanye nini?

*

Mwalimu Salme, waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na Afnan, mara ya pili nikikukasirikia. Mtu kaja kukusifu, wewe unamdanganya! Na umemdanganya kwa sababu unaionea haya kazi ya hina. Kwa nini? Miaka sita umeshika miguu ya maharusi, mkono hautetemeki, unapanga maua mahali padogo, unajua rangi ipi itashika na ipi itafifia. Shangazi yako alikufundisha, tena vizuri.

Cheti cha Rawda usikiguse. Ulimi ukiteleza mtu huomba radhi. Ukighushi karatasi, siku ikijulikana utafukuzwa, na hapo ndipo watoto watakapolikosa somo kweli. Mpigie Bwana Abdulqadir leo, kabla hujabandika chakula cha mchana. Usianze na visingizio. Sema, "Nilikudanganya. Chuo sikusoma, nilikuwa nikipaka maharusi hina." Kisha nyamaza umsikilize. Na mumeo mwambie wewe, asije akasikia kwa majirani.

Wasikilizaji, kwa kuwa Jumamosi haikuwa mbali, jibu hili nilimsomea Salme kwa simu bila kungoja kipindi. Jioni yake akanipigia, anahema kama aliyekimbia:

"Bi Sabah, nimesema! Akanikaripia, na haki yake. Kanifuta kwenye orodha ya wakufunzi. Nikasema haya, basi. Mara akaniambia, 'Lakini walimu wangu hawajui kutengeneza rangi hata moja. Njoo kwa muda wa saa mbili uwaonyeshe. Utaandikwa mwalimu wa Koyama, si zaidi.' Si zaidi, Bi Sabah! Mimi nataka nini zaidi? Mume wangu amenuna kidogo, ila anasema atanisindikiza."

Basi nenda, mwanangu. Beba rangi zikiwa kavu, uzikoroge hukohuko mbele yao. Na usimchoree mwalimu yeyote hata mstari mmoja: wachafue mikono wenyewe.