Maji Yaliyodondoka Kwenye Cherehani

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Kipimo wetu, fundi cherehani usiyehitaji futi ya kupimia. Neno alilolisema jirani wa duka la vifungo kabla hujapasuliwa bado linamzunguka mama yako kichwani: "Hao wanaopasua kwa kupitia puani hutoka na akili ya mtu. Anarudi mwili mtupu."

Ulikuwa ukimtazama mteja anavyoingia mlangoni, unamtajia inchi za kiuno chake. Akibisha, unamwambia, "Shangazi, nguo haidanganyi. Anayedanganya ni mvaaji."

Kisha matundu ya mkasi yakaanza kukubana vidole. Viatu navyo vikakukataa. Ukawa unajigonga kwenye miimo ya milango kwa sababu pembeni huoni. Hospitali wakasema ni uvimbe, umekaa nyuma ya pua, chini ya ubongo, ndio unaokukuza vidole na miguu na kukuziba macho pembeni.

Daktari alitueleza taratibu: "Mama, akili hatuigusi. Tunapitisha kamera nyembamba puani, tunautoa uvimbe, halafu tunaziba kwa kiraka tunachokata pajani mwake."

Ukadakia, "Kumbe na wewe fundi mwenzangu! Ila kiraka kibichi hakivutwi."

"Ndiyo hivyo. Usipenge, usiiname. Ukiona maji safi kama ya bomba yanadondoka puani, rudi siku hiyo hiyo."

Ukapasuliwa, ukarudi nyumbani ukiuona mlango wote. Mkeo alipiga vigelegele. Jirani naye akaja kukuchungulia: "Haya Kipimo, mbili na mbili ngapi?" Watu wakacheka. Ukacheka nawe, lakini macho yako hayakucheka.

Maji yalipoanza ukatuficha, watu wasije wakasema akili inakuvuja. Ukakiinamia cherehani chako, ukijifuta kwa vipande vya kitambaa. Asubuhi mto wako ulikuwa umelowa upande mmoja. Mama yako akadhani ulikuwa unalia, akaona haya kumuuliza mtu mzima.

Homa ilipokulaza ndipo ukasema, "Mama, si akili. Ni maji tu." Hospitali wakasema vijidudu vimeingia pale pale palipovuja, vimefika kwenye ubongo, na tumechelewa.

Mpaka leo mama yako husikia tone. Huinuka kwenda jikoni kufunga bomba, akalikuta limefungwa.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, dada yako mkubwa, na binti yako ambaye ameanza kuwakadiria watu viuno kwa jicho. Maadamu tuna pumzi, hutatutoka moyoni.

Nanyi mnaosoma, mkiwa na mgonjwa aliyepasuliwa hivyo:

Asipenge pua. Asizuie chafya, aipige mdomo wazi.

Asiinamie kazi wala asinyanyue ndoo mpaka daktari amruhusu.

Maji yakimdondoka puani, au akisikia chumvi kooni, msiyaite mafua.

Msimtanie kuhusu akili yake, hata kwa mapenzi.

Msiuone mto umelowa mkanyamaza.