Spoki Tano za Mbele

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tak! Spoki nyingine. Ya nyuma, upande wa cheni, kama kawaida. Nilikuwa natoka machimboni kupima watoto, nimekaa zangu vizuri, kanga imefungwa, najiona malkia. Wachimbaji wawili kando ya njia wakacheka. Mmoja akasema baiskeli hiyo itaenda kunishtaki. Nikajifanya sikusikia. Nimewatukana moyoni mpaka nimefika nyumbani.

Hii ni ya tatu tangu Pasaka. Mbili za kwanza nilizisokotea kwenye spoki za jirani zisigonge, nikanyamaza. Baiskeli si yangu. Ni ya mradi wa afya, tunagawana mimi na Noela: Jumatatu hadi Jumatano yangu, Alhamisi hadi Jumamosi yake. Ina daftari lake, unaandika kilichoharibika na sababu. Sababu! Niandike nini — kilo tisini na nane? Siku ya kukabidhiwa, Wiliam mratibu wetu alitania kwamba chombo hiki hakibebi magunia. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumanne, 3 Juni

Mbili zaidi! Ringi inayumba, inagusa breki. Nimeikokota hadi kwa fundi Amosi, sokoni hapa Runzewe. Akaizungusha, akabana spoki mbili mbili kwa vidole. Anasema kosa si mwili wangu. Gurudumu lilifungwa legelege tangu dukani, na spoki zikilegea hukatika moja baada ya nyingine; mtu mzito anaziwahisha tu. Dawa ni kulifumua lote, kuweka spoki nene za baiskeli za mizigo na kulikaza upya. Za kuagiza Kahama, zinafika Ijumaa. Niiache kwake.

Kuiacha! Noela angeifuata Alhamisi, angeuliza, Wiliam angejua. Nikamwambia fundi atoe tano gurudumu la mbele azihamishie nyuma, huko mbele hakuna mzigo. Akakataa. Nikambembeleza. Nikamkumbusha nani alihangaika na chanjo za wanawe. Hapo nilijua nafanya vibaya, na nikaendelea. Akazihamisha, ila akarudia mara mbili: mwambie mwenzako asipakie mtu, na kwenye makorongo ashuke.

Nitamwambia.

Alhamisi, 5 Juni

Noela kapitia baiskeli mapema. Shikamoo mama Klara. Marahaba. Binti mwembamba, mchangamfu, siku zote ana haraka. Akauliza kama iko salama. Nikasema iko salama. Maneno ya Amosi nilikuwa nayo mdomoni kabisa! Lakini ningeyasema angeuliza kwa nini, na mimi ningejibu nini.

Nikamwambia kazi njema.

Jumamosi, 7 Juni

Noela ameanguka na baiskeli. Alikuwa amepakia mtu.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 8 Juni

Nimeenda kumwona. Mwamvua, yule mama ntilie wa machimboni, mjamzito wa miezi saba, alishikwa homa kali. Hakuna pikipiki iliyopatikana. Noela akamweka kwenye keria ampeleke kituo cha afya. Kwenye mteremko wa mtoni gurudumu la mbele likajikunja. Mwamvua aliangukia mchanga, mtoto anacheza tumboni, wamesema wote wako sawa. Noela kavunjika mkono, mahali pawili. Alikuwa anatetemeka kwa maumivu, na bado ananiuliza mimi kama nimekula.

Wiliam alikuwepo. Amekasirika. Kupakia watu kumekatazwa, anasema, na baiskeli imekufa kwa ukaidi. Atamwondoa kwenye kazi. Na jina lake lililopelekwa chuo cha uuguzi kwa ajili ya Septemba, nalo linarudishwa. Noela ameisubiri nafasi hiyo miaka mitatu. Hakulia. Aliinamisha kichwa tu.

Nilisimama pale nimeshika chupa ya chai. Mwili mkubwa hivi, mdomo hauna kazi.

Jumatatu, 9 Juni

Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Noela amekuja na mama yake, na kuku. Mtetea mwekundu, miguu imefungwa. Mama yake kapiga magoti uani kwangu, mtu aliyenizidi miaka! Mayu, ananiita, yaani mama, mtoto ameharibu chombo mlichokuwa mnagawana, hatuwezi kukutazama machoni mikono mitupu. Noela akaongezea kwamba mimi nimeitunza miezi minane, haikuwahi kukatika hata spoki moja, yeye kaja kuivunja siku moja.

Hata spoki moja.

Kuku wa radhi hakataliwi. Ukikataa, umekataa kusamehe. Kwa hiyo nilimpokea. Kwa mikono miwili. Nikasema yamekwisha. Mama yake akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akafuta macho. Mimi ndiye niliyesamehe! Nimejidharau leo kuliko wachimbaji wote wa Geita wangeweza kunidharau.

Jumanne, 10 Juni

Nimepita kwa Amosi. Spoki nene zilifika Ijumaa, siku ileile aliyosema. Aliniuliza kama nilimwambia Noela. Nikamuuliza bei ya spoki. Anasema hatakwenda kwa mtu, lakini akiulizwa hatadanganya. Kisha akaendelea kuziba pancha ya mtu, hakuniangalia tena.

Jumatano, 11 Juni

Wiliam anataka barua yangu ofisini leo, kabla hawajafunga. Mimi kama mtumiaji mwenza nieleze baiskeli ilikuwa katika hali gani nilipoikabidhi. Barua hiyo ndiyo itakayoambatanishwa kwenda wilayani, na jina la Noela litakatwa.

Aliyemtuma kuifuata ni Noela mwenyewe! Eti anapita njia hiyo akienda kubadilisha bandeji. Yuko uani sasa hivi, amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa shingoni. Nilimwambia angoje kidogo. Kasema nisiharakishe, na nisiogope kuandika ukweli kwa ajili yake, hatanichukia.

Nimeshachana karatasi mbili. Ya tatu hii hapa, pembeni ya shajara. Imefika hapa: Mimi, Mariana Mabula, nathibitisha kwamba tarehe 5 Juni nilimkabidhi mwenzangu baiskeli ikiwa

Anaita. Mama Klara, ofisi itafungwa. Nimemjibu naja, lakini sijainuka. Sasa nasikia ndala zake zinakuja mlangoni, na karatasi iko wazi mezani, na kalamu bado